Kona Isiyofagiwa

Mkono wangu wa kulia una mazoea yake. Kwa miaka ishirini na zaidi niliendesha jenereta ya dizeli kwenye kisima cha mashine kilichoko upande wa Hulugho, na kila siku adhana ya adhuhuri ilipoanza, mkono huo ulikwenda kwenye kishikio ukavuta, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nilikuwa nikisema kwa mzaha kwamba na yenyewe imekwenda kuswali. Injini isiyopumzishwa saa hiyo, kwa joto la kwetu, huchemka. Ikichemka hupasua gasketi, na kufuata gasketi mpya Garissa ni siku tatu mifugo imesimama mbele ya birika kavu. Kwa hiyo nilizima, nikatawadha, nikaswali, nikakaa kidogo kivulini, ndipo nikawasha. Watu walinisifu kwa hilo, nami nilipenda kusifiwa.

Nayaandika haya kwa sababu mkono huohuo ulimpotezea mjane mmoja zamu yake ya maji, na ulimi wangu ukaimalizia kazi hiyo.

Enzi za jenereta foleni ya mifugo ilikaa mchangani. Kila mwenye kundi alipofika alisimika hangool yake, ile fimbo yenye panda tunayovutia matawi ya miiba, nyuma ya fimbo ya aliyemtangulia. Zilikuwa zikitembea, fimbo hizo. Ukienda kuswali ukiwa wa tatu, ukirudi wewe ni wa tano, na hakuna aliyeona kitu. Hapo ndipo nilipoitwa. Nilimaliza kidato cha nne nikapata alama ambazo hazikunipeleka mbali, lakini kichwa changu kilishika mambo. Niliweza kusema nani alifika na nani alifuata, kundi lake lilikuwa na vichwa vingapi, na yupi alikuwa mchechemeaji. Nikishasema, ugomvi uliisha. Wanaume waliokuwa tayari kupigana walizipanga fimbo zao nilivyotaja, wakarudi kukaa.

Kisha zikaja paneli za sola, na pamoja nazo kikaja kisanduku.

Aliyekiunda alikuwa mwanamke wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alikulia Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako baba yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Baadaye alisomea umeme Garissa. Alifika na laputopu ndani ya mfuko wa unga, ili isiingie vumbi, akapanda ngazi mwenyewe, akafunga nyaya zake, akashuka na kutufundisha. Aliniita adeer, yaani ami, nami nikamwita adeer vilevile, maana kwetu neno hilo mkubwa humrudishia mdogo. Kila mwenye kundi alipewa kadi. Ukifika unaigusisha kadi kisandukuni, unapata namba yako kwenye kioo kidogo, na zamu yako ikifika vali inafunguka yenyewe, maji yanaingia birikani kwa kadiri ya vichwa vyako. Yakitimia, vali inajifunga na namba inayofuata inatokea.

"Ndani mna chipu moja, ndogo kuliko ukucha," alituambia. "Hiyo ndiyo inayokumbuka nani wa kwanza, nani wa pili, na anayenywesha sasa amebakiza lita ngapi."

"Na ikipotewa na akili?" nikamuuliza. "Joto hili linapoteza hata akili za watu."

"Itapotewa, adeer. Ndiyo maana nimemwacha mbwa humo."

Mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyekuwa akivuta tasbihi kama hasikii, aliinua kichwa. "Mbwa gani?"

"Si mbwa wa miguu minne. Ni saa ndogo ndani ya chipu. Chipu ikiwa macho, inaigusa saa hiyo kila mara, kama mtu anayejibu salamu. Ikikaa sekunde mbili bila kuigusa, saa inajua mwenzake amekwama, inamwamsha kwa nguvu, kazi ianze upya. Walioibuni waliiita mbwa wa ulinzi."

"Umetuletea mbwa kwenye maji ya Waislamu," mwenyekiti akasema. "Sasa birika tulioshe mara saba, na mara moja kwa mchanga?"

"Mchanga mnao wa kutosha," akajibu. "Na huyu hanywi wala halambi."

Wazee walicheka. Mimi nilibaki na swali moja lililonikera. "Umesema inaanza upya," nikamwambia. "Kinachoanza upya hakijui cha nyuma. Basi foleni si inapotea?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa dawati la nyuma aliyenyoosha mkono. "Hilo ndilo lililoninyima usingizi," akasema. "Chipu ikiamka, kazi yake ya kwanza ni kufagia. Inapita chumba chote cha kumbukumbu inaweka sifuri kila mahali, kwa sababu haijui ni uchafu gani umeachwa humo. Ndivyo zinavyoandikwa programu zote. Lakini ukweli ni kwamba mbwa akiiamsha, hakuna kilichomwagika. Namba zote bado zimo, kila moja palepale ilipokuwa. Anayezipoteza ni mfagiaji. Basi mimi nikamwonyesha mfagiaji kona moja, nikamwambia hapa usiguse."

"Na itajuaje kwamba kilichomo konani ni kweli, si takataka?"

"Kila foleni inapobadilika, inaandika mlangoni mwa kona ile jumla ya namba zote zilizomo. Ikiamka inajumlisha tena. Zikilingana, inaamini, inaendelea ilipoachia. Zisipolingana, inafuta yote na kusema haijui. Ni afadhali ikiri haijui kuliko kumtaja mtu kwa uongo."

Halafu akatuonyesha. Aligusisha kadi yake ya majaribio ikawa ya kwanza, ikamalizika, kisha akamwomba mchungaji mmoja wa mbuzi agusishe yake, maji yakaanza kutoka, kwenye kioo namba ikasoma mbili na lita zikawa zinashuka: mia nne na kumi, mia nne na tano, mia nne. Akagusa kitu kwenye laputopu yake, akasema sasa nimeikwamisha makusudi. Kioo kikaganda. Mbuzi walikuwa wakinywa bila habari. Kisha kioo kikazimika kabisa, vali ikagonga ikajifunga, maji yakakatika. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kioo kikarudi. Mbili. Lita mia tatu tisini na nane. Vali ikafunguka na maji yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nimeona mambo katika umri wangu. Nimeona mvua ya usiku mmoja ikigeuza jangwa kuwa majani, nimeona ngamia jike akimtambua mtoto wake kwa harufu katikati ya ngamia mia mbili. Lakini siku ile nilikaa chini mchangani bila kukusudia. Kitu kisicho na roho kilikuwa kimekwenda, kikarudi, na bado kilijua kilipokuwa kimefika. Nilifikiria dua tunayosoma tukifumbua macho asubuhi, tunapomshukuru Mungu kwa kutuhuisha tena. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeshukuru kwa kuamka tu. Sikuwahi kushangaa kwamba nikiamka nakuta jina langu bado liko nami, na sura ya mke wangu, na hesabu ya mbuzi wangu. Nani aliyemwambia mfagiaji asiguse kona hiyo?

Yule fundi alinishika bega. "Adeer, sasa sikiliza sana. Hii swichi nyekundu ya pembeni ni ya hatari tu. Mbwa akiiamsha, kona inabaki. Lakini umeme ukikatwa kabisa, kona inakuwa kama alama za nyayo baada ya upepo. Kuna betri ndani, kwa hiyo wingu haliizimi. Ni swichi hii peke yake."

"Kwa nini usiandike pahali pasipofutika?"

"Papo. Lakini panachakaa kila unapoandika, kama karatasi inayofutwa kwa raba. Foleni inabadilika kila sekunde, ningeitoboa karatasi kabla ya mvua mbili. Pale naandika machache tu."

Sikumuuliza machache gani. Niliitikia kwa kichwa. Kuhusu swichi nilimsikia vizuri kabisa, na sitaki kujificha nyuma ya umri kwamba sikusikia. Nilimsikia na sikumwamini. Ndani yangu nilisema: huyu ni mtoto wa redio, hajui mashine inavyochoka.

Miezi iliyofuata nilikaa karibu na kile kisanduku kuliko nilivyowahi kukaa karibu na jenereta. Nilikuwa nikivizia kuzimika kwake. Baadhi ya siku hakikuzimika kabisa. Siku nyingine pampu ilipoanza kuvuta kwa nguvu kilipepesa mara moja na kurudi, na kila mara namba ilikuwa palepale. Mke wangu aliniuliza kama nimeoa kisima. Nilimjibu kwamba kisima hakinipi chai, akaniambia basi hata mimi leo sikupi.

Kiangazi kilipokuja kilikuja kikali. Mvua ndogo zilipita upande wa Bute, kwetu zikatuma mawingu tu. Makundi yakaanza kutoka mbali, na miongoni mwao alikuja yule mjane. Alikuwa na ngamia tisa, akiwachunga mwenyewe, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa kwetu, lakini mumewe alikuwa amekufa na hakuwa na wa kumwachia. Mmoja wa majike alikuwa amezaa njiani. Ndama alikuwa na siku chache tu, miguu mirefu, bado anajikwaa. Jike hakuwa amegusa maji kwa siku nyingi, na maziwa yake yalikuwa yanakauka. Mama yule aliniambia hivyo hivyo aliponisalimu: "Abboowe, huyu akinywa leo, mtoto ataishi."

Abboowe ni kaka. Nilimpa kadi ya vichwa tisa, ndama akiwemo, akaigusisha. Kioo kikamwandikia nne.

Nilimtazama akiwapeleka ngamia wake mbali kidogo na birika, maana ngamia wenye kiu hawasimamiki karibu na maji. Akawaketisha kwenye mchanga, naye akakaa kati yao, akimfunika ndama kwa kitambaa chake. Nyuma yake alifika mzee wa mbuzi weusi, akawa wa tano. Baada ya huyo akaja mfanyabiashara mmoja na ng'ombe wengi aliokuwa akiwapeleka mnadani Garissa. Akawa wa sita. Mfanyabiashara huyu ni mkwe wangu, binti yangu ameolewa na mdogo wake. Tulikumbatiana, akaniletea salamu za wajukuu, na paketi ya tende.

Asubuhi hiyo kisanduku kilizimika mara nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Bati la paa lake lilikuwa halishikiki. Kilizimika, kikaamka, kikazimika, kikaamka, na kila mara foleni ilikuwa nzima. Yeyote mwingine angesema: kinafanya kazi yake. Mimi nilikionea huruma. Nilikiona kama mzee anayeamshwa kwa kofi kila anaposinzia. Nilisema kimechoka, kinapigwa na mbwa wake, kipumzike angalau saa moja.

Wa tatu alikuwa amemaliza kunywesha na vali imejifunga adhana ilipoanza. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi nyekundu.

Niliswali vizuri siku ile. Nakumbuka hata nilirefusha sijida ya mwisho. Nilirudi, nikaiwasha, nikasubiri namba nne. Taa ya kijani ikawaka. Kioo kikaandika: hakuna foleni.

Nilifuta kioo kwa kanzu yangu, kana kwamba ni vumbi. Sikuwa nimekifuta mara ya pili wachungaji wa mfanyabiashara walipoona. Walikuwa wamesimama karibu na birika. Mmoja wao akaweka kadi, kioo kikaandika moja, na vali ikafunguka.

Mjane alikuja akitembea haraka, bila kukimbia. "Nilikuwa na namba," akasema.

"Kila mtu alikuwa na namba," mfanyabiashara akajibu kwa upole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Mashine imesahau. Tuanze upya, mama. Ng'ombe wangu wameshaingia birikani, nitawatoaje?"

"Nilifika kabla yako."

"Inawezekana. Mimi nilikuona hapa nilipofika? Sikukuona. Ulikuwa umejificha kati ya ngamia."

"Sikujificha. Nilimfunika mtoto." Kisha akanigeukia. Wanaume waliokuwa hapo wote walinigeukia pia, kama walivyozoea. "Muulizeni mzee," akasema. "Anajua kupanga watu tangu enzi za fimbo. Abboowe, mimi nilikuwa wa ngapi?"

Niliijua namba yake kama ninavyolijua jina langu. Nilijua wa tano pia, na wa sita. Mdomoni nilikuwa na kokwa ya tende, nikaihamisha upande wa pili wa shavu.

"Sikumbuki," nikasema. "Kisanduku ndicho kilichokuwa kinashika. Kimesahau."

Alinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha amegonga nyumba sahihi. Halafu akaenda kuweka kadi yake tena. Wengine, pamoja na waliofika wakati wa swala, walikuwa wameshaziweka zao. Alipata namba ya tisa, ya mwisho.

Pampu ya sola huvuta jua likiwa juu. Ng'ombe walikuwa wengi, na walipomaliza jua lilikuwa limeinama, maji yanatoka kama uzi. Ilipofika saa ya magharibi zamu haikuwa imevuka ya sita. Yule mama aliwainua ngamia wake, akachukua njia ya kisima kingine, mwendo wa siku nzima. Alinipita karibu. Hakuniangalia, ila ndama alisimama mbele yangu, akanusa kanzu yangu, akavutwa.

Siku nne baadaye mchungaji aliyetoka huko alituambia, katikati ya habari nyingine za majani na bei, kwamba yule mama wa ngamia tisa alifika salama, lakini mtoto alibaki njiani. Niliinuka nikaenda kukagua bomba ambalo halikuwa na kasoro.

Maneno yalienea kwamba kisanduku kimeua ndama. Mimi nilikuwa nimeshawaambia kamati kwamba kilisahau, na kila nilivyorudia, uongo ule ulizidi kufanana na habari ya kweli. Wakaamua kitolewe, turudi kwenye fimbo, na fundi asiitwe tena kwenye visima vya upande wetu. Lakini mwenyekiti alisema haki ni kumsikiliza kwanza. Akapigiwa simu. Akatumiwa habari pia yule mjane, ambaye siku za kunywesha ngamia wake zilikuwa zimefika tena, naye akaja na ngamia wake.

Tulikutana asubuhi chini ya kivuli cha bati. Mfanyabiashara alikuwepo, alikuwa anarudi kutoka mnadani. Mjane hakuingia kivulini. Alisimama nje ameshika nguzo. Fundi aliunganisha waya wake kwenye kisanduku, akafungua laputopu, akasoma. Ndipo nikakumbuka: machache tu, kwenye pahali pasipofutika. Nikatambua bila kuambiwa kwamba mojawapo ya hayo machache ni kilichoiamsha chipu kila mara, kama ni mbwa au kama ni umeme uliokatwa na kurudi, na wakati wa kila tukio.

Hakunyoosha kidole. Aliifunga laputopu nusu, akasema, "Adeer, siku ile saa sita na dakika arobaini, hapa kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mbwa wako amelala," mfanyabiashara akasema, na watu wakacheka kidogo.

Fundi alikuwa akiningoja mimi.

"Niliizima," nikasema. "Kwa swichi nyekundu. Yeye alinikataza na nikaizima."

"Kwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Ilikuwa imechoka."

Hapo walicheka sana, isipokuwa fundi na mjane. Mwenyekiti alipangusa macho, akasema basi, kumbe ni mazoea ya jenereta, mzee amekosea na amekiri, kisanduku kibaki, na yaliyopita Mungu ayasamehe. Mzee alisahau kama mashine ilivyosahau. Niliwaona watu wakianza kujikusanya kuinuka. Mfanyabiashara alikuwa ameshatafuta viatu vyake.

Ningeweza kuachia hapo. Swichi ilikuwa imeandikwa ndani ya chipu. Uongo wangu haukuwa umeandikwa popote, na hakuna waya ambao ungeunganishwa kwangu ukausoma.

"Mimi sikusahau," nikasema.

Wakakaa.

"Mashine ilisahau kwa sababu niliizima. Mimi sikuzimwa na mtu. Wa kwanza alikuwa mwenye kondoo wa vichwa vyeusi. Wa pili na wa tatu ni wale ndugu wawili wenye punda. Wa tano ni mzee wa mbuzi weusi. Wewe," nikamwambia mfanyabiashara, "ulikuwa wa sita."

"Sasa ndiyo umekumbuka?" akaniuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilikumbuka siku ileile. Nilikuwa nakula tende zako, mkwe."

Kutoka nje ya kivuli yule mama akasema, "Umemruka wa nne."

"Wa nne ulikuwa wewe."

"Sema tena. Wale wa nyuma hawakusikia."

Nilisimama. Nikasema kwa sauti niliyokuwa nikitumia zamani kupanga fimbo: "Mama huyu alikuwa wa nne. Zamu ilikuwa yake. Niliulizwa nikasema sikumbuki, na nilikuwa nakumbuka."

Nilimwambia pia kwamba nina ngamia jike mdogo, na kwamba ni wake. Alisema hilo litazungumzwa na wazee wake na wazee wangu kama desturi ilivyo, yeye alikuja kuchukua namba. Wazee walizungumza baadaye, na alimpokea yule jike bila kunishukuru. Sikuwa na sababu ya kushukuriwa.

Watu walipotawanyika nilimfuata fundi, aliyekuwa akikunja waya wake. "Ulikuwa umeiona kabla sijasema," nikamwambia.

"Ya swichi niliiona. Ile nyingine sikuijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuhesabia kwanza."

"Sekunde mbili?"

"Wewe ni mzee, adeer. Nilikupa zaidi kidogo." Akaufunga mfuko wake wa unga. "Hii swichi niiondoe?"

Nilifikiria. Nikamwambia aiache, nami nitajifunza kukaa nayo. Akaichorea duara kwa wino mweusi, akaandika chini yake neno moja, adeer, na akacheka peke yake.

Yule mama alikuwa ameshagusisha kadi. Siku hiyo alikuwa wa tano. Mwenyekiti, kwa kutaka kumpoza, alimwambia apite mbele awe wa kwanza, hakuna atakayelalamika. Alikataa. "Wa tano ni wa tano," akasema, akaenda kukaa kati ya ngamia wake. Yule jike aliyempoteza mtoto alikuwa amekaa mwishoni, kichwa amekielekeza njia waliyotokea.

Zamu yake ilifika jua likiwa utosini. Vali ikafunguka, ngamia wakashusha shingo. Nilisimama kando ya kisanduku, yeye upande wa pili. Lita zilikuwa zinashuka, na kioo kikaganda. Halafu kikazimika. Vali ikagonga. Maji yakakatika, na ngamia wakainua vichwa wote kwa pamoja, midomo ikidondosha matone. Mjane alinitazama. Watu waliokuwa karibu waligeuka. Na wakati huohuo mwadhini akaanza adhana ya adhuhuri, na nikahisi mkono wangu wa kulia ukiinuka, kwa miaka yake yote ishirini na zaidi. Niliushika kwa mkono wa kushoto.

Sekunde mbili ni ndefu. Ndani ya kile kisanduku, nilijua, mfagiaji alikuwa akipita na ufagio wake akifuta kila kitu, na alikuwa anaikaribia kona ambamo mna mwanamke mmoja, ngamia wanane wakubwa waliobaki wakihesabiwa bado tisa, kwa kuwa kadi ilimwandikisha na yule mdogo, na lita zao. Mfagiaji akaipita bila kuigusa. Jumla ikajumlishwa, ikalingana.

Taa ya kijani. Tano. Lita zilezile. Maji yakarudi, na ngamia wakashusha shingo.

Nilikuwa nimeona jambo lile mara mia, na bado nilikisoma kioo mara mbili. Mama yule alikitazama kioo, akanitazama mimi, akasogeza kitambaa chake kichwani.

"Hiki hakina mkwe," akasema.

"Hakina," nikajibu.

Akawageukia ngamia wake. Niliiacha swichi ilivyo, nikachota maji kidogo pembeni ya birika, nikatawadha hapohapo, na nikaenda kuswali huku nyuma yangu pampu ikiendelea kuvuta.